Kabla hujasema "nipe ile ya minyoo"

Kila siku ya Mungu kuna mtu atafika dirishani kwangu aseme "nipe ile ya minyoo". Hajauliza, hajaulizwa, analipa, anatafuna palepale, huyo kaenda zake. Nauza dawa huku Mbagala mwaka wa nane huu, duka dogo tu la dawa muhimu, na sitaki nidanganye kwamba hela yake siitaki. Ila kuna mama mmoja alikuwa ananijia kila baada ya miezi mitatu kama analipia king'amuzi, watoto wanne vidonge vinne, na bado yule kitinda mimba wake tumbo mbele miguu vijiti. Siku hiyo sijui nilipatwa na nini nikamuuliza, mama Zai, hivi choo chenu kikoje? Akacheka, akasema si kama vya wenzetu tu, kikijaa tunasubiri mvua tunatapisha, uchafu unaondoka na maji, mtaa mzima ndo unavyofanya. Nikanyamaza. Miaka miwili namuuzia vidonge kumbe minyoo inarudi kwa mlango ambao mimi na yeye hatujawahi kuuangalia.

Kwa hiyo haya ninayoandika sio "dalili kumi za minyoo", hizo zimejaa kila mahali na nyingi ni za kubahatisha. Nataka tukae chini uitazame nyumba yako, kazi yako, siku yako nzima, ujue mdudu anapita wapi kukuingia. Maana minyoo haiingii kwa njia moja, na ukiziba njia moja nyingine inabaki wazi vilevile. Mtu ananawa mikono mpaka inachubuka na bado ana safura, ile minyoo inayonyonya damu, kwa sababu safura inapita unyayoni bwana, mkono hauna kesi hapo.

Ni wengi kiasi gani

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.5, yaani karibu mtu mmoja kati ya wanne duniani, wana minyoo ya kwenye udongo: askaris (ile mirefu ya mviringo), minyoo mjeledi, na safura. Hapo hujahesabu kichocho, hujahesabu tegu, wala amiba na jiadia, vile vijidudu vya kuharisha. Huku kwetu, Pemba miaka ya 1990 watafiti wakipima watoto wa shule walikuwa wanakuta karibu kila mtoto ana angalau aina moja, wengi wana mbili au tatu kwa mpigo. Kenya walipoanza upya kugawa dawa mashuleni mwaka 2012 kwenye maeneo yenye tatizo, walikuta karibu mtoto mmoja kati ya watatu anayo, na baada ya miaka mitano hivi ya kugawa kila mwaka ikashuka chini ya nusu ya hapo. Kwa hiyo dawa inafanya kazi, asikudanganye mtu.

Lakini kuna mambo mawili watu hawayajui na ndo yanayoharibu hesabu. La kwanza, minyoo haigawanyiki sawa. Kwenye kijiji kimoja watu wachache, kama mmoja kati ya watano, ndo wanaobeba sehemu kubwa ya minyoo yote, wengine wana miwili mitatu hata hawaijui. Ndo maana kwenye nyumba moja mtoto mmoja kakonda na mwenzake mzima kabisa, watu wanasema karogwa. La pili, inarudi. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba miezi 12 baada ya dawa, askaris inakuwa imerudi karibu kiwango kilekile cha mwanzo, mjeledi nayo inakaribia, safura kidogo inachelewa, inafika kama nusu na zaidi. Yaani kidonge kinafagia nyumba ila mlango hakifungi.

Na umri nao uuangalie. Askaris na mjeledi zinawapenda sana watoto, hasa wa miaka 5 mpaka 15. Safura inapanda kadiri mtu anavyokua, inawakamata watu wazima wa shambani, na hao ndo hakuna mtu anayewafuata na vidonge maana zoezi linafanyika shuleni.

Sasa anza kuifuata siku yako

Chukua siku moja ya kawaida, sio ya sikukuu, uifuate toka unaamka. Usiandike "usafi mzuri", andika vitu unavyovishika.

Choo kwanza. Nitakaa sana hapa, nivumilie. Askaris jike mmoja anaweza kutaga mayai mpaka laki mbili kwa siku, yote yanatoka na choo kikubwa. Sasa cha ajabu ni hiki: yai likitoka leo haliambukizi leo. Linahitaji wiki mbili mpaka nne kwenye udongo wenye joto na unyevu ndo linaiva, na likishaiva linaweza kukaa kwenye udongo wa kivuli miaka. Kwa hiyo kinyesi cha jana unachokiona na kukikwepa bado hakijawa na kazi kwa upande wa askaris. Kinachokuumiza ni cha mwezi uliopita ambacho hukioni tena, kimeshachanganyika na mchanga, kimekauka, mtoto anachezea pale kombolela. Ukilielewa hilo utaelewa kutapisha choo kwenye mvua kunafanya nini: masika inasambaza mayai uwanja mzima, maji yanakauka, watu wanasema afadhali pamekauka, kumbe ndo muda yanaiva. Mama Zai na wapangaji wenzake mwishoni walichangishana, maana gari la majitaka haliingii kile kichochoro, wakaita vijana wenye pampu ya mkono wakanyonya. Ilikuwa hela, sibishi. Ila gawanya kwa kaya nne kisha linganisha na vidonge vya kila msimu na homa za katikati.

Bado tuko chooni. Kinyesi cha mtoto mdogo watu wanakichukulia kama maziwa, kinatupwa nyuma ya nyumba, pampasi inazungushwa kwenye mfuko inarushwa jalalani mbwa wanaitawanya. Mtoto wa miaka miwili mwenye minyoo anatoa mayai kama mkubwa. Kimwage chooni. Halafu kopo. Sisi tunatawaza kwa maji, ni usafi mzuri tu, lakini lile kopo kila mtu analishika kwa mkono uleule, na sabuni iko wapi? Iko ndani kabatini isiibiwe. Funga sabuni kwenye soksi uitundike mlangoni pa choo, haiibiwi maana imeshakuwa mbaya, na mtu anapiga nayo mkono bila kuitoa.

Sakafu. Hii wengi hawaijui. Mexico serikali ilipowamwagia watu masikini sakafu ya saruji kwenye nyumba za udongo, watafiti walilinganisha na mji jirani wakakuta maambukizi ya vimelea kwa watoto yameshuka kwa asilimia 78. Saruji tu, sio dawa. Kama una hela ya chumba kimoja anza na kile anachotambaa mtoto, sio sebule ya wageni.

Jikoni. Mchicha wa bonde la Msimbazi, hata ukimwagiwa maji gani, ukishaupika mayai yanakufa, moto hauna mchezo. Shida ni kachumbari, saladi, giligilani unayonyunyizia juu mwishoni. Watu wanaloweka kwenye chumvi au siki au wanaweka klorini ya kwenye maji wanaona wamemaliza. Klorini inaua bakteria vizuri, kipindupindu ndo kazi yake, ila yai la askaris lina ganda gumu ambalo klorini ya kiwango hicho hailiwezi. Kinachosaidia ni kusugua jani mojamoja kwenye maji safi yanayotiririka, mayai yanang'oka. Maji ya kunywa chemsha mpaka yatokote kwa dakika moja, mkikaa juu sana milimani, zaidi ya mita 2000, dakika tatu. Hiyo inamaliza na jiadia na amiba, ambazo nazo klorini kidogo haziogopi kivile.

Na udongo wenyewe. Dada zangu wajawazito, najua pemba, ule udongo wa kutafuna, ni tamu, sikukatazi kama mkwe, nauza nayo kaunta moja na vidonge. Ila ile ya kuchimba kichuguuni nyuma ya nyumba, mbichi, hujui nani kapita pale mwezi uliopita. Na hamu kubwa ya udongo mara nyingi ni damu imepungua, na damu inaweza kuwa imepungua kwa sababu ya safura, yaani unazunguka palepale. Nenda kliniki wapime damu. Dawa ya minyoo utapewa hukohuko baada ya miezi mitatu ya kwanza, usije kujinunulia kwangu.

Miguu

Safura haingoji umle. Yai linaanguliwa mchangani siku moja mbili, na ndani ya siku kama tano mpaka kumi kitoto chake kinakuwa tayari, kinangoja unyayo. Kinatoboa ngozi, mara nyingi katikati ya vidole, unawashwa, unajikuna, unasema ni fangasi. Kinapita kwenye damu mpaka mapafuni, unakohoa kidogo, unakimeza, kinafika kwenye utumbo kinang'ata na kuanza kunyonya. Mnyoo mmoja wa ile aina kali anaweza kunyonya karibu mililita 0.2 kwa siku. Mmoja si kitu. Weka mia, ni mililita 20, vijiko vinne vya chai vya damu kila siku, na mtu mwenyewe anakula dagaa kwa nadra na yuko mjamzito au ana hedhi. Ndo unaona mtu mweupe viganjani, akipanda ngazi moyo unapiga ngoma, anaambiwa mvivu.

Jiulize: nakanyaga wapi bila viatu penye kivuli na unyevu ambapo watu wanajisaidia? Jua kali kwenye udongo mkavu linaviua. Chini ya migomba, chini ya mikorosho, pembeni ya mto, shamba la mpunga, njia ya kuelekea chooni usiku, hapo ndo penyewe. Kwetu Muheza kila mtu ana kandambili ila anazivaa kwenda mjini, shambani anakwenda peku ili zisichafuke! Geuza. Yeboyebo, vile viatu vya plastiki, ziwe za shambani, peku ukiwa kwenye saruji. Mabuti ni bora zaidi kwa sababu matope yanaingia kwenye kandambili, ila nani analima na mabuti kwenye jua la saa sita, basi yeboyebo iliyozibwa.

Ziwa

Hapa nawaongelea ndugu zangu wa Mwanza, Ukerewe, Musoma, na ng'ambo ya huko Kisumu na Homa Bay. Kichocho cha tumbo kinaingia kwa ngozi pia lakini kwenye maji. Mtu mwenye nacho anajisaidia karibu na ziwa, mayai yanaanguliwa, yanaingia kwenye konokono, konokono anatoa vidudu vingi mno visivyoonekana, vinaogelea vinatafuta ngozi. Vinatoka zaidi mchana jua likiwa juu, kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka saa nane, muda uleule watoto wanaogelea na kina mama wanafua. Huwezi kumwambia mvuvi asiguse maji, huo ni utani. Unachoweza: maji ya kuoga na kufulia yateke uyaache kwenye pipa lililofunikwa siku mbili, vile vidudu vikikosa mtu vinakufa ndani ya saa 48. Watoto wasiingie penye majani na konokono. Na cha muhimu kuliko vyote, albendazoli, kile kidonge cha kawaida cha minyoo, haigusi kichocho. Nimesikia wavuvi wengi wanameza albendazoli wanasema wametibu. Dawa yake ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, unapimwa uzito au urefu, na unakula kwanza, maana ukimeza na njaa utatapika au utazunguzwa mpaka uapize serikali. Ukikiacha miaka kinaharibu ini, tumbo linajaa maji, siku nyingine mtu anatapika damu ghafla.

Nyama, na kisa cha asiyekula nguruwe

Kitimoto. Tegu wa nguruwe yuko sana sehemu ambazo nguruwe wanazurura na watu hawana vyoo: Mbulu, Mbozi, nyanda za juu kusini, na Kenya upande wa Busia. Nguruwe anakula kinyesi cha mtu mwenye tegu, kwenye nyama yake vinaota vifuko vyeupe kama punje za mchele, wewe ukila nyama haikuiva unapata tegu tumboni. Kata pande nene katikati, likiwa bado lina wekundu rudisha jikoni, hata kama muuzaji ananuna na mnavyosubiri bia inapata moto. Ng'ombe naye ana tegu wake, mishkaki ya haraka haraka ndo njia, na huyo vipande vyake vinatoka vyenyewe kwenye nguo ya ndani, vyeupe, vinatambaa, mtu anakuja dukani ananong'ona.

Sasa sikiliza vizuri. Nyama ya nguruwe inakupa tegu tumboni. Lakini mayai ya huyo tegu, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu, ukiyameza wewe kwenye kachumbari au mkono wa mpishi, vile vifuko vinaota mwilini mwako wewe, na vikiota kwenye ubongo ni kifafa. Maeneo ambayo ugonjwa huu umekaa, Shirika la Afya Duniani linasema kama asilimia 30 ya kifafa kinaweza kutokana na huyu. Kwa hiyo Mwislamu ambaye hajawahi kunusa kitimoto anaweza kupata kifafa cha tegu kwa sababu ya choo cha jirani. Na tahadhari: mtu ametoka maeneo hayo na ana degedege za ukubwani au kifafa, usimpe prazikwanteli wala albendazoli za kujinunulia, dawa ikianza kuua vifuko vilivyoko ubongoni vinavimba na anaweza kuanguka vibaya. Huyo ni wa hospitali kwanza.

Kitanda

Vile vinyoo vidogo vyeupe kama uzi wa kushonea, vinavyomfanya mtoto ajikune makalio usiku, havihusiani na udongo wala choo. Jike anatoka usiku anataga pembeni ya njia ya haja, mayai yanaambukiza ndani ya masaa machache tu, yanakaa kwenye kucha, shuka, pajama mpaka wiki mbili tatu. Bweni moja likiingiwa limeingiwa. Ukitaka kuhakikisha, asubuhi kabla hajaoga, bandika selotepu pale kisha ipeleke maabara waiangalie, maana kwenye kipimo cha kawaida cha choo mara nyingi havionekani. Dawa mnameza nyumba nzima siku moja, na mnarudia baada ya wiki mbili, hiyo ya pili ndo watu wanaisahau. Mkate kucha, mtoto aoge asubuhi badala ya jioni, shuka usizikung'ute chumbani.

Kuhusu "una amiba"

Nitasema kitu wataniona mbaya. Mtaani kwetu ukipima choo ukiwa na tumbo la gesi nafasi kubwa utoke na karatasi imeandikwa amiba. Amiba yupo kweli na akiwa mbaya anatoboa utumbo, anatengeneza usaha kwenye ini, sio wa kuchezea. Lakini kuna mwenzake anayefanana naye kabisa kwenye darubini ambaye hana madhara yoyote, na darubini haiwezi kuwatofautisha isipokuwa ikimkuta amemeza chembe za damu. Kwa hiyo kama huharishi, huna damu wala kamasi kwenye choo, na umeshameza metronidazoli, dawa ya amiba, mara nne mwaka huu kwa karatasi hizo, mwambie daktari atafute sababu nyingine, vidonda vya tumbo kwa mfano.

Kupima unapima hivi. Choo ndani ya kikopo kisafi kikavu, kisichanganyike na mkojo wala maji ya kunawia, kama ni cha kuharisha kifike maabara ndani ya nusu saa. Kipande kimoja cha siku moja kinakosa mengi, mayai hayatoki sawa kila siku, kwa hiyo ukiweza peleka siku tatu tofauti. Na upime kabla hujameza antibayotiki, sio baada.

Kidonge sasa

Nimekuchelewesha makusudi. Utaratibu wa dunia ni huu: kwenye jamii ambako zaidi ya asilimia 20 wana minyoo ya udongo wanapewa dawa watoto na makundi mengine yaliyo hatarini mara moja kwa mwaka, ikizidi asilimia 50 mara mbili. Ile ya "kila miezi mitatu" sijui imetoka wapi, labda kwetu wauzaji. Watoto chini ya miaka mitano Tanzania wanapata dawa ya minyoo na matone ya vitamini A mwezi Juni na Desemba, Kenya ni Mei na Novemba kwenye wiki za Malezi Bora, ni bure, mpeleke. Wa shule wanapata kingatiba shuleni. Aliyepewa wiki iliyopita usimwongezee ya kwangu.

Dozi ya kawaida ni albendazoli miligramu 400 mara moja, mtoto wa mwaka mmoja mpaka miwili nusu yake, miligramu 200, chini ya mwaka hapewi. Kisage kwa kijiko, changanya na maji kidogo, na tafadhali usimzibe pua mtoto anayelia, wanapaliwa na kuna waliokufa hivyo. Kwa safura omba albendazoli, maana uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2008 ulionyesha kidonge kimoja kinaponya kama watu 72 kati ya 100, wakati mebendazoli, kidonge kingine cha minyoo, ya mara moja iliponya 15 tu. Kwa mjeledi zote dhaifu, albendazoli 28, mebendazoli 36, ndo maana mtu anameza na bado anayo. Hapo daktari atakupangia siku tatu mfululizo.

Kuna mmoja namtaja haraka kwa sababu hakuna anayemtaja, strongiloidesi. Anaingia kwa mguu kama safura lakini anazaana ndani ya mwili miaka na miaka, mtu aliyelima peku utotoni anaweza kuwa naye uzeeni. Ukitaka kuanzishiwa dawa za steroidi kama prednisoloni kwa muda mrefu, mwambie daktari umekulia wapi, kwa sababu kinga ikishushwa huyu anatawanyika mwilini na anaua. Kidonge kimoja cha albendazoli hakimtoshi, wanatumia ivamektini.

Sukari haileti minyoo. Hailei mayai, haina mayai. Kusaga meno usingizini nako usikimbilie dukani. Mbegu za papai, kuna utafiti mdogo wa Nigeria wa 2007, watoto 60, ulionyesha matumaini, lakini ni watoto 60, na hakuna anayejua kijiko chako kina kiasi gani.

Usije dukani kabisa, nenda hospitali usiku huohuo, kama mtoto tumbo limevimba gumu, anatapika, hapati choo wala hajambi, maana askaris zikiwa nyingi zinajifunga kama kamba zinaziba utumbo, na ukimpa dawa wakati huo unaongeza balaa. Vilevile damu kwenye choo na homa, macho ya njano na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, au mtu mwenye virusi vya UKIMWI anayeharisha zaidi ya wiki mbili.

Na mtoto akitoa mnyoo, iwe kwa choo au hata puani, inatokea akiwa na homa, msipige kelele mkautupa. Uweke kwenye kikopo na maji kidogo, au upige picha pembeni ya kiberiti ili ukubwa uonekane, uje na hiyo picha. Mrefu sentimita 20 au 30 mwekundu-mweupe ni habari moja, kipande bapa kama tambi pana ni habari nyingine, na dawa zake tofauti.